KUOMBA MSAMAHA KWA KIJAPANI



Mwanafunzi mmoja wa kalasi ya nne alituletea swali fupi ku karatasi: "Mwalimu, mu Kijapani banasemaka namna gani pardon?" Swali ni fupi, lakini jibu si fupi. Kama ningemjibu neno moja tu, angelibeba kila mahali, na siku moja lingemletea haya mbele ya mtu mkubwa. Kijapani hakina "pardon" moja. Kina maneno matano au sita, na kila neno lina mahali pake, lina mtu wake, tena lina kiasi chake cha kuinama. Basi somo letu la lugha la leo ni hilo.

Najua wengine watanung'unika: Kijapani cha nini hapa Kapolowe, sisi ambao Kifaransa bado kinatushinda? Nitawajibu. Wajapani si wageni mu Katanga. Kampuni ya SODIMICO, ambayo baadaye iliitwa SODIMIZA, ilichimba shaba ku Musoshi, upande wa Kasumbalesa, pamoja na Wajapani wa Nippon Mining. Kazi ya kutoa shaba ilianza 1972, na Wajapani walikaa pale mpaka mwanzo wa miaka ya 1980. Daraja kubwa la Matadi, lenye urefu wa mita 722, lilijengwa na Wajapani na kufunguliwa 1983. Na leo, ukipanda gari iliyotoka Japani, mara nyingine shofele akiwasha tu, sauti ya mama inasikika kutoka ndani: inasema Kijapani, inakumbusha kwamba kadi ya barabara haijaingizwa. Watu wote ndani ya gari wanamsikiliza, hakuna anayemwelewa. Kuna tena jambo lingine, zito zaidi, linalounganisha teritware yetu ya Kambove na Japani. Hilo nitalieleza mbele kidogo.

KWANZA, SAUTI

Hapa sisi tuko na bahati kuliko Wafaransa. Vokali za Kijapani ni tano, a, e, i, o, u, kama zetu, na silabi karibu zote zinaishia na vokali. Mtoto wa Kapolowe anaweza kusoma "gomen nasai" mara moja bila kuvunja ulimi. Angalia mambo mawili tu. Vokali ndefu ni lazima ivutwe; katika somo hili tunaiandika mara mbili, kwa mfano "daijoobu". Tena u ya mwisho katika "desu" na "masu" karibu haisikiki: wanasema "des", "mas". Ukisema "desu-u-u" kama unaita mbuzi, watakuelewa, lakini watacheka.

SUMIMASEN

Hili ndilo neno la njiani. Umekanyaga mguu wa mtu mu bisi: "Sumimasen." Unataka kupita katikati ya watu: "Sumimasen." Unataka kumwita mwenye kuuza mu duka: "Sumimasen!" Hapa linafanana sana na "samahani" ya watu wa pwani, Tanzania na Kenya, ambao wanaitumia kwa kuomba msamaha na pia kwa kumwita mtu au kumuuliza njia. Kwetu Katanga "samahani" inasikika zaidi mu redio na mu vitabu. Sisi tunasema "pardon" au "unisamehe", na kwa mtu wa heshima "munisamehe, baba", "munisamehe, mama".

Lakini sumimasen ina kazi nyingine ambayo samahani haina. Mjapani akipewa kiti na kijana mu treni, hasemi tu asante, anasema sumimasen. Kwa nini aombe msamaha, na yeye amepewa kitu? Jibu liko ndani ya neno lenyewe. Sumimasen inatoka ku kitenzi "sumu", ambacho maana yake ni kwisha, kumalizika. Kwa hiyo sumimasen ni kama kusema: "Haijaisha." Yaani wewe umejisumbua kwa ajili yangu, na deni hilo ndani ya moyo wangu halijamalizika. Anayekanyaga mguu na anayepewa kiti wote wawili wamemsumbua mwenzao. Mimi naona hilo ni wazo zuri kabisa, na wazee wetu hawangelishangaa.

Kama jambo limekwisha kupita, unaongeza "deshita": "Sumimasen deshita." Mu mazungumzo ya haraka utasikia "suimasen"; hiyo ni namna ya kusema, si ya kuandika.

GOMEN NASAI

Hili ni la nyumbani na la marafiki. Mtoto amevunja sahani, anamwambia mama yake: "Gomen nasai." Rafiki kwa rafiki wanafupisha: "Gomen", au "Gomen ne." Mu sinema za Kijapani ndilo neno linalosikika zaidi, na ndiyo sababu wageni wanalibeba mpaka mu biro ya mkubwa. Hapo ndipo linapoharibika.

Tazama maana yake. "Men" ni kuachilia, kufungulia mtu. "Go" ni heshima inayowekwa mbele. "Nasai" ni amri ya upole. Yaani: "Uniachilie." Ukimwambia mkubwa uniachilie, unamtuma kazi: wewe umekosa, na yeye ndiye anapewa amri ya kusamehe. Kwa mama yako si kitu, kwa sababu mama atasamehe tu. Kwa mwalimu, kwa mkubwa wa kazi, kwa mnunuzi, neno ni jepesi mno. Lina harufu ya utoto.

SHITSUREI SHIMASU

Wanafunzi, hili ndilo la kwenu. "Shitsurei" ni kupoteza heshima, kukosa adabu. "Shitsurei shimasu" ni kama kusema: "Nafanya jambo la kukosa adabu." Unalisema kabla ya kosa, si nyuma. Mwanafunzi wa Japani akifika ku mlango wa chumba cha waalimu, anapiga hodi, anafungua, anainama, anasema "Shitsurei shimasu," halafu anaingia. Akitoka, anageuka, anainama tena: "Shitsurei shimashita," yaani nilifanya hivyo, nimemaliza. Hata kabla ya kukata telefone wanasema shitsurei shimasu.

Kwetu tuko na "hodi", na hodi ni neno zuri. Lakini hodi inaomba njia tu, na mwenye nyumba anajibu karibu. Shitsurei inakubali mbele kwamba kuingia kwangu ni usumbufu. Ukienda nyumbani kwa mtu kuna neno lingine tena, "Ojama shimasu," nakuja kukusumbua, na ukitoka "Ojama shimashita," nilikusumbua. Hata kama ni yeye mwenyewe alikuita kula!

Mtu akitoka kazini wakati wenzake wangali wanafanya, anasema "Osaki ni shitsurei shimasu," nawatangulia, munisamehe. Na wenzake wanamjibu "Otsukaresama deshita." Neno hili la pili Wafaransa wanapata shida sana kulitafsiri. Sisi hatuna shida hata kidogo: ni "pole kwa kazi". Neno kwa neno, ni kama limetoka kwetu.

NENO LETU "POLE" NA HATARI YAKE

Kwa kuwa nimetaja pole, tusimame hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mwanafunzi wetu anaweza kupotea.

Kwetu mtu akianguka na kinga yake mbele yako, samaki wote wakamwagika njiani, unasema "Pole, baba!" Hukumwangusha wewe. Pole haiombi msamaha, inabeba pamoja naye. Mwingereza ana neno moja kwa mambo mawili haya, na ndiyo sababu wageni wengi wakisikia pole wanafikiri umekiri kosa, wanakujibu kwamba si wewe uliyewaangusha. Wengine kati yetu nao wameanza kufanya kinyume: anakanyaga mguu wako, kisha anasema "pole", kama mtu aliyekuwa anapita tu akakukuta umeumia. Hiyo si sawa. Aliyeumiza anasema "unisamehe"; aliyeona anasema "pole". Na aliyeumiza anaweza kusema yote mawili, lakini "unisamehe" itangulie.

Mjapani naye anatenga mambo haya. Kwa mgonjwa anasema "Odaiji ni," ujitunze vizuri. Kwa aliyefiwa liko neno la matanga, "Goshuushoosama desu." Kwa aliyechoka na kazi, otsukaresama. Aliyeanguka mbele yake atamuuliza "Daijoobu desu ka?" uko salama? Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo ni kuomba msamaha. Kwa hiyo usitafute "pole" moja ya Kijapani. Uliza kwanza pole ya nini.

MOOSHIWAKE ARIMASEN, AU MASHAKA YA "JUU YA"

Sasa tunafika ku neno zito. Mbele ya mkubwa wa kazi, mbele ya mnunuzi aliyeuziwa kitu kibovu, mbele ya mtu uliyemletea hasara, Mjapani anasema "Mooshiwake arimasen," na kwa heshima zaidi "Mooshiwake gozaimasen." Tulikate vipande: "moosu" ni kusema, kwa unyenyekevu, "wake" ni sababu, "arimasen" ni hakuna. Yote pamoja: "Hakuna sababu ninayoweza kusema." Sina la kujitetea.

Angalia vizuri, kwa maana neno "wake" hilohilo liko ndani ya neno lingine, "iiwake". Iiwake ni kisingizio, maneno ya kujiosha. Wajapani wanalichukia jambo hilo, na watoto wanaonywa mapema: usifanye iiwake. Kwa hiyo anayesema mooshiwake arimasen anatangaza: sitaleta iiwake hapa.

Sasa tujisikilize sisi wenyewe. Mwanafunzi anafika saa mbili kasoro kumi, kalasi ilianza saa moja na nusu. Anasimama ku mlango:

— Munisamehe, mwalimu, nilichelewa juu ya mvula.

Mvua kweli ilinyesha. Lakini wanafunzi 40 wengine walipita mu mvua ileile. Mwalimu akinyamaza, inakuja ya pili: juu ya kinga iliharibika. Na ya tatu: juu ya mama alinituma ku soko. Mwisho wa yote, mvua imekosa, kinga imekosa, mama amekosa, na mwanafunzi peke yake ndiye hana kosa. Sasa anaomba msamaha wa nini?

Sisemi kwamba sababu haina kazi. Mwalimu anapaswa kujua kama mtoto ana mgonjwa nyumbani, na mwalimu mwenye akili atauliza. Jambo ni kupanga maneno. Mwanafunzi wa Japani aliyechelewa anasema "Okurete sumimasen," nimechelewa, munisamehe, anainama, ananyamaza. Akiulizwa "Kwa nini?" ndipo anaeleza, kwa maneno machache. Halafu anafunga na "Kore kara ki o tsukemasu," tangu sasa nitaangalia. Kosa, msamaha, kungoja swali, ahadi. Sababu iko katikati, tena imeitwa. Haikuja yenyewe mbele kupiga kelele.

Kuna neno dogo la kujua kando ya hilo. Kama ulimngojesha mtu kidogo tu, dakika mbili au tatu, na si kosa kubwa, sema "Omatase shimashita," nilikungojesha. Wenye kuuza mu maduka wanalisema siku nzima.

KARATASI MBILI

Wazazi wetu wengi wanaofanya kazi ku makampuni wanajua karatasi inayoitwa "demande d'explication". Mfanyakazi akikosa, anaandikiwa: eleza kwa nini. Ni lazima ajibu kwa maandishi, na wote wanajua kwamba jibu zuri ni lile linaloonyesha kwamba hakukosa, au kwamba aliyekosa ni mwingine. Karatasi yenyewe inaomba explication, na explication ndiyo inapata.

Ku Japani iko karatasi inayofanana na hiyo lakini inauliza kingine. Kwa mfanyakazi inaitwa "shimatsusho". Kwa mwanafunzi inaitwa "hanseibun". "Hansei" ni kujitazama nyuma. Mwanafunzi aliyepigana anaandika: nilifanya hivi, niliumiza huyu, nilivyofikiri wakati ule ni hivi, ninavyoona leo ni hivi, nitafanya hivi. Anayesoma hatafuti sana sababu, anatafuta kama macho yamefunguka. Kweli, watoto wa kule ni watoto kama nyinyi, na wengi wanajua kuandika hanseibun ya kumpendeza mwalimu bila moyo kugeuka hata kidogo. Lakini swali linaloulizwa ni tofauti, na mimi naona ni swali bora.

MWILI NAO UNASEMA

Neno bila kuinama ni nusu. Wenye kufundisha adabu kule wanapima hivi: kuinama kidogo, kiasi cha digrii 15, ni "eshaku", ya kupishana njiani, digrii 30 ni "keirei", ya mkubwa na mgeni, digrii 45 ni "saikeirei", ya kosa zito. Mikono inakaa ku mapaja au inashuka mbele. Macho yanashuka pamoja na kichwa. Usiiname huku unamtazama mtu usoni. Ni kama unamvizia. Hata mu telefone wanainama, na hakuna anayewaona.

Hapa mtoto wa Kapolowe tena hana kazi kubwa. Kwetu mtoto hamkazii mzee macho wakati anagombezwa. Mama akimwomba mukwe wake msamaha anashuka chini, anapiga makofi polepole, sauti ndogo. Mzungu anasema "Nitazame nikikusemesha!" na mtoto wetu anachanganyikiwa. Mjapani hangesema hivyo.

Iko pia "dogeza", kupiga magoti na kuweka paji la uso chini. Mu sinema utaiona sana, mu maisha ya leo ni kidogo. Na kumlazimisha mtu kuifanya ni jambo baya: mu 2013, mu mji wa Sapporo, mnunuzi mmoja aliwalazimisha watumishi wa duka la nguo kumpigia magoti, na polisi walimkamata yeye. Nawaomba wakubwa wa chumba cha kulala, ambao wanapenda kupigisha wadogo magoti juu ya ndoo ya maji, waisome mara mbili sentensi hiyo.

Kosa likiwa zito, maneno na kuinama havitoshi. Mtu anaenda mwenyewe, kwa miguu yake, si kwa kutuma karatasi, na anabeba zawadi. Kwetu ni kuku. Kwao mara nyingi ni sanduku la vitu vitamu, kwa mfano "yokan", utamu wa maharagwe mgumu kidogo uliokatwa kama kipande cha sabuni. Usianze na zawadi lakini. Omba msamaha kwanza, zawadi itoke nyuma. La sivyo inaonekana kama unanunua.

TRENI ILIYOTANGULIA SEKUNDE 20

Tarehe 14 Novemba 2017, treni ya Tsukuba Express, karibu na Tokyo, iliondoka ku stesheni ya Minami-Nagareyama sekunde 20 kabla ya saa yake. Hakuna abiria aliyelalamika. Lakini kampuni ilitoa maandishi ya kuomba msamaha, na habari ikazunguka dunia yote. Mtu ambaye amekwisha kungoja treni siku mbili akilala juu ya mizigo yake atacheka mpaka machozi. Mu 2016 kampuni moja ya barafu tamu iliongeza bei kutoka yen 60 mpaka 70, baada ya miaka 25 bila kuiongeza, na wakubwa wake wakajipanga mbele ya kamera wakainama wote pamoja.

Mimi napenda hadithi hizi, ila zisitudanganye. Kuinama mbele ya kamera kumekuwa ku Japani kama ibada ya kila juma: wakubwa watatu, suti nyeusi, wanainama pamoja, mashine za picha zinapiga taa. Wajapani wenyewe wameanza kuchoka nayo, wanahesabu sekunde, wanauliza kama mwenye kuinama anajua ameinamia nini. Neno linalotolewa kwa sekunde 20 na kwa barafu tamu linaweza kukosa nguvu siku ya kosa la kweli.

NENO LINALOKARIBIA BILA KUFIKA

Sasa lile jambo zito. Shinkolobwe iko mu teritware yetu ya Kambove, si mbali na Likasi. Uranium iliyochimbwa pale na Union Minière ilipelekwa Amerika, na sehemu kubwa ya uranium ya bomu lililoanguka juu ya Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka hapo. Babu zetu waliichimba kwa mikono yao bila kuambiwa ni ya nini. Mji mmoja wa Japani na kilima kimoja cha kwetu vimefungwa kamba moja, na hapa wengi hawajui.

Tarehe 27 Mei 2016, Barack Obama alifika Hiroshima, rais wa kwanza wa Marekani kufika pale akiwa bado na kiti. Aliweka maua, akawakumbuka waliokufa, akamkumbatia mzee aliyeokoka. Msamaha hakuomba, na kabla ya safari ilikuwa imetangazwa kwamba hataomba.

Kijapani kina neno la jambo la namna hiyo: "ikan". Ni masikitiko. Wenye siasa wanalipenda sana, kwa maana anayesema ikan anasema "jambo hili linasikitisha", bila kusema nani amelifanya. Linaweza kusemwa na aliyekosa na aliyekosewa pia! Neno lingine ni "owabi", na hilo ndilo kuomba msamaha kwa kweli. Tarehe 15 Agosti 1995, waziri mkuu Murayama Tomiichi alipozungumza juu ya vita na utawala wa Japani ku nchi za Asia, alitumia owabi. Mpaka leo mataifa jirani yanapima kila hotuba ya Japani kwa mzani huo: ni owabi au si owabi?

Tusifikiri ni mambo ya mbali. Juni 2022, mfalme Philippe wa Ubelgiji alikuja Kinshasa, akafika na Lubumbashi. Ku Kinshasa, tarehe 8, alisema juu ya ukoloni kwamba ana "regrets", majuto makubwa kabisa. "Excuses" hakusema. Mwezi wa Disemba mwaka uleule, tume ya bunge la Ubelgiji iliyochunguza mambo ya ukoloni ilimaliza kazi ya zaidi ya miaka miwili bila kupatana, na kilichowagawanya ni neno hilohilo, excuses, kwa sababu wengine waliogopa kwamba nyuma ya neno kutakuja kuombwa malipo. Wakubwa wa nchi walikaa wakashindana juu ya neno moja. Kwa hiyo mwanafunzi akiniambia "Mwalimu, pardon ao unisamehe ni moja tu," namjibu kwamba watu wenye diplome nyingi hawafikiri hivyo.

Kifaransa chenyewe kina mtego wake mdogo. Wengi wenu munasema "Je m'excuse." Waalimu wa zamani walikikataa kisemo hicho: ni kama unajisamehe mwenyewe, umemaliza, unaenda. Andika "Veuillez m'excuser" au "Je vous prie de m'excuser," umwachie mwenzako kazi yake.

KUJIBU

Anayeombwa msamaha naye ana maneno. Kwa jambo dogo: "Iie, iie," hapana, hapana, si kitu. Au "Daijoobu desu," iko salama. Kwa rafiki mwenye wasiwasi: "Ki ni shinaide kudasai," usilitie moyoni. Na kama wote wawili mumegongana: "Kochira koso," ni mimi zaidi. Mjapani akikuomba msamaha usimjibu "Ndiyo, ulikosa." Hata kama ni kweli.

MAZOEZI

Andika neno gani la Kijapani linafaa, na useme kama mtu ainame, kiasi gani.

1. Ku bomba la maji, ndoo yako imemwagia mwanafunzi mwenzako, rafiki yako wa kila siku.
2. Unaingia mu biro ya Bwana Prefe kuchukua chaki.
3. Umepoteza kaye ya fizike ya mwenzako wa kalasi ya sita, siku tatu mbele ya egzamen ya serikali.
4. Mama mmoja anayeuza samaki wa ziwa Tshangalele amekupa nafasi mu kamiyo, yeye akakaa juu ya vitunga.
5. Mwalimu wako amefiwa na kaka yake.
6. Unatoka ku shamba la masomo saa kumi, wenzako wangali wanalima.

Majibu ya 1, 2, 5 na 6 munaweza kuyatafuta humu ndani. Kwa 4, wengi wataandika "arigatoo", asante. Si vibaya, lakini rudia kusoma sehemu ya sumimasen. Namba 3 ndiyo ngumu, na sikuiweka bure, kwa maana kila mwaka inatokea. "Gomen" haitoshi, hata kama ni rafiki. Sema "Hontoo ni mooshiwake arimasen," kweli kabisa sina la kujitetea. Inama mpaka digrii 45. Usitaje mvua, usitaje aliyeiazima kwako. Kisha, kabla hajajibu, keti chini uanze kumwandikia kaye nyingine kutoka ku kaye yako. Siku tatu zinatosha kama utalala kidogo.

Majibu yaletwe mu sanduku la gazeti kabla ya Ijumaa. Mu somo linalofuata tutaona namna ya kukataa kitu kwa Kijapani bila kusema hapana, jambo ambalo watu wa Kapolowe, nadhani, wanalijua tayari.